Ngozi ya Kompyuta Iliyokufa

Fundi wa kompyuta tuliyekuwa naye Katesh miaka ile alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote. Kompyuta ikiwa nzito, anafomati. Ikijaa virusi, anafomati. Printa ikigoma, anaiangalia kidogo, anaguna, halafu anafomati kompyuta. Akimaliza anapakia upya ile programu ya kununua ambayo hapa kwetu hakuna aliyewahi kuinunua, na vitu vyako vyote, barua, mitihani, picha za kipaimara, vimekwenda na maji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole na alinisalimia vizuri kila nilipopita mbele ya kibanda chake. Ila mimi ni mwalimu wa hesabu, na mtu asiyetaka kujua kwa nini jibu limetoka hivyo huniudhi kuliko mtu aliyekosa jibu.

Hasira hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye Linux, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta. Wapo wanaosema waliipenda kwa sababu ya uhuru na haki za watu. Mimi sikuwa na mawazo makubwa namna hiyo. Shule yetu ilikuwa imepewa kompyuta nne za mitumba, zilizotumika Ulaya mpaka zikachoka, na hakuna muhula uliopita bila mimi kupoteza mitihani niliyotunga. Nilitaka tu kujua tatizo ni nini.

Mkoa wa Manyara ulikuwa umekatwa kutoka Arusha si zamani sana. Makao makuu yalikuwa Babati, lakini sisi wa Katesh tukisema "nimetoka mkoani" bado tulimaanisha Arusha. Huko ndiko nilikopewa CD ya Linux, kwenye semina ya walimu, na mwenzangu mmoja aliyekuwa nazo kadhaa kwenye mkoba kama mtu anayegawa vipeperushi vya mkutano wa injili. Aliniambia nisiipakie kwanza. "Iwashe kutoka kwenye hiyo CD yenyewe, mwalimu. Ukiipenda, iweke. Usipoipenda, itoe, na kompyuta yako utaikuta kama ulivyoiacha." Mpaka leo sijapata ushauri mzuri kuliko huo, na kila anayeniuliza naanza naye hapo. Usibomoe nyumba ya zamani kabla hujalala kwenye mpya hata siku moja.

Niliporudi niliiwasha kwenye kompyuta mbovu kuliko zote nne. Ilichukua muda mrefu sana, nikaenda darasani nikarudi. Nilikuta skrini ya hudhurungi, rangi ya udongo wetu hasa, na mshale unaosubiri. Haikuwa nzuri machoni. Kilichonishika ni kwamba ilikuwa ikisema. Printa ilipogoma, haikuniambia "kuna hitilafu" ikanyamaza. Iliandika mistari sita kueleza imekwamia wapi. Sikuelewa hata mmoja, lakini niliinakili yote kwenye daftari, na nilipokwenda Babati penye mtandao nikaichapa vilevile. Nikakuta mtu wa nchi nisiyoijua aliwahi kuuliza swali hilohilo, na mwingine alikuwa amemjibu hatua kwa hatua, kwa uvumilivu ambao mimi sina hata kwa kidato cha kwanza. Nilikaa pale nikijiuliza huyu mtu anapata nini. Swali hilo lilinisumbua kuliko printa.

Likizo ya Krismasi nilikwenda nyumbani Bashay, nikamweleza baba. Nilimwambia kuna watu wametengeneza programu, wanaigawa bure, unaruhusiwa kuifungua uone ndani yake, kuibadilisha, na kumpa jirani. Baba alikuwa anapukuchua mahindi ya mbegu kwa mkono, hakuinua uso.

"Mwenyewe ni nani?"

"Hana mmoja, baba. Ni wengi."

"Ng'ombe asiye na mwenyewe ameibiwa mahali."

Nikaona nimweleze kwa desturi yetu. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawarundiki wote zizini kwake. Humpa mwingine amtunzie mmoja au wawili. Anayetunza anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na mwenyewe anabaki na ndama, ingawa naye mtunzaji siku moja hufikiriwa. Nikasema programu huria ni hivyo: maziwa ni yako, kunywa, ila huwezi kumfungia ng'ombe ukamwambia kila mtu ni wako peke yako. Ukimboresha, waliokupa nao wajue. Baba akauliza ng'ombe huyo akifa unapeleka taarifa kwa nani. Nikasema hakuna anayekudai.

"Basi huyo si ng'ombe," akasema. "Huyo ni swala."

Nilicheka, lakini alikuwa amegusa jambo. Wanaokuambia Linux haina shida wanakudanganya. Ikiharibika, hakuna ofisi ya kwenda kugonga mlango. Modemu yangu ya kwanza ilikataa kabisa kufanya kazi mpaka nilipotumia wiki mbili nikiibembeleza. Ukipeleka kazi yako kwenye steshenari ili ichapwe, hawaifungui, au wanaifungua mistari imepinda kama barabara ya Mbulu. Inabidi uihifadhi kwa mtindo wanaousoma wao, au uifunge kuwa PDF kabla hujatoka nyumbani. Na usiisukumie watu wasioitaka. Mkuu wetu wa shule alinikatalia kuiweka kwenye kompyuta ya ofisi yake, na alikuwa na haki; alikuwa amezoea yake. Anayefaa kutumia Linux ni mtu mwenye kiu ya kujua, au mtu mwenye kompyuta iliyochoka. Mimi nilikuwa vyote viwili.

Nesi wa zahanati ya kijiji cha Dirma alikuwa na kitu cha tatu: shida. Nilimfahamu kwa sababu ya mnada. Kila siku ya mnada alikuja Katesh kununua mahitaji, akapumzika kwangu kabla ya kurudi. Alitoka Tanga, alikuwa na miaka saba Dirma bila kupanda daraja, na alikuwa anasoma stashahada kwa masafa huku akifanya kazi. Kilichobaki kilikuwa ripoti moja ya utafiti: kwa nini akina mama wa Dirma wanajifungulia nyumbani wakati zahanati ipo. Chuo kilimpa mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Ripoti isipofika, mwaka unarudiwa, na yeye hakuwa na nguvu ya kurudia.

Nilimpa laptop yangu ya zamani. Kwa programu nyingine ilikuwa imeshakufa, kwa Linux ilikuwa bado inatembea, polepole lakini inatembea. Betri ilidumu kidogo, akawa anaichaji kwa sola ya zahanati. Nilimwambia kwa utani kwamba nampa kwa desturi ya ng'ombe: maziwa yako, ndama wangu, maana yake kila atakachojifunza aje anifundishe. Nilimsisitizia kitu kimoja tu, na hapa sikuwa natania. Kazi iliyo mahali pamoja tu haijahifadhiwa. Iweke kwenye laptop, iweke kwenye flashi, na flashi hiyo usiiguse kwa kazi nyingine.

Alifanya utafiti wake vizuri. Alijua wanawake hawatamwambia nesi ukweli usoni, kwa hiyo maswali aliyauliza mhudumu wa afya wa kijiji, mama mtu mzima anayeaminika, akaandika majibu kwenye karatasi bila majina: mama wa kwanza, mama wa pili, mpaka wa ishirini na sita. Nesi akachapa kila neno kama lilivyosemwa. Halafu karatasi akazichoma jikoni, kwa sababu aliwaahidi siri. Nilimsifu kwa hilo.

Flashi nayo aliitunza, kwa namna ya huku. Huku kwetu jirani akija kuomba kaa la moto humnyimi, wala humwulizi anakwenda kupika nini. Flashi ziliingia wilayani kwetu na zikapokelewa kwa sheria hiyohiyo. Mwenyekiti wa kijiji aliomba flashi apeleke barua ikachapwe Katesh, nesi akampa. Mtu wa heshima, utamnyimaje? Ilikwenda steshenari, ikakutwa na virusi vya huko, na fundi wetu mpole akaitibu kwa dawa yake. Ilirudi Dirma nyeupe kabisa, haina hata faili moja.

Hilo peke yake lisingekuwa kitu. Lakini wiki ileile, mwezi wa tatu, mvua zimeanza, nesi alipanda pikipiki kuja kwangu, na kwenye korongo la kwanza tairi likateleza. Yeye aliumia goti. Mkoba ulikaa kwenye maji ya tope mpaka walipouvuta. Laptop haikuwaka tena.

Mimi sikujua lolote. Nilichoona ni kwamba minada miwili imepita na nesi hajafika. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananikimbia. Alikuwa ameona aibu, akajifungia chumbani akiandika ripoti upya kwa kichwa, na amepanga kumpa fundi ile laptop ichinjwe vipuri, halafu aninunulie nyingine kidogo kidogo kabla sijagundua.

Aliyekataa ni mama mwenye nyumba wake. Alikuwa mjane, mkulima, hajawahi kugusa kompyuta maishani. Siku nesi alipoifunga kwenye mfuko ampelekee fundi, mama akamwuliza ni ya nani. Nesi akasema ya mwalimu. Imekuwaje? Imekufa. Basi, mama akasema, mali ya mtu ikifia mikononi mwako, humpi mchinjaji. Unampelekea mwenyewe ngozi, nzima, aione.

Walikuja wote wawili asubuhi ya Jumamosi. Mama mbele, laptop ameibeba yeye, imefungwa kitenge na kukunjwa vizuri. Nesi nyuma, anachechemea, macho chini. Nilitoka mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa? Mifugo haijambo?"

Nikasema haijambo, ingawa nilikuwa na kuku watatu tu. Aliketi, akanywa chai yote kwanza. Halafu akaweka kitenge mezani na kusimama kidogo, kama inavyosimamiwa habari nzito.

"Mwalimu, huyu binti ulimpa mali yako. Ameitunza. Maziwa amekunywa, hakatai. Sasa imekufa. Hakuipiga, hakuiuza, imekufa kwa maji ya korongo. Tumekuletea ngozi. Iangalie mwenyewe."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nesi alikuwa ameshaanza kulia. Lakini desturi ni desturi, na ngozi ikiletwa mwenyewe huikagua, ajue mnyama amekufa kwa ugonjwa au kwa mkuki. Nikaleta bisibisi nikaifungua pale mezani. Bodi ilikuwa imeota kutu ya kijani. Tope lilikuwa limekaukia kwenye kibodi. Nikafika kwenye diski, kile kisanduku cha bati kinachotunza kazi zote, na ilikuwa kavu na safi. Nikaichomoa taratibu.

"Nesi," nikasema, "kilichokufa ni kiwiliwili. Hii sijui."

Watu wengi hawajui jambo hili, na fundi wetu naye hakulijua: kompyuta kufa si lazima kazi zako zife. Diski ya laptop ya aina ile inaingia kwenye waya uleule wa kompyuta ya mezani. Tulikwenda wote shuleni, mama naye, maana alisema hajaona mwisho. Nilifungua kompyuta moja ya maabara, nikachomeka diski, nikawasha Linux, na nikamwomba Mungu kwa sauti bila aibu. Ikakaa. Ikakoroma kidogo. Halafu ikaonyesha folda moja, na ndani yake faili lenye jina la Dirma.

Nesi alipiga kelele, akamkumbatia mama, mama akauliza, "Imefufuka?" Nikamjibu kwamba imefufuka nusu. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata hatujaisoma, ni kuinakili mara tatu. Nakuomba na wewe ufanye hivyo.

Hapo ningenyamaza, siku ile ingeisha kwa furaha. Lakini nesi alikuwa na flashi yenye ripoti ya pili, ile aliyoiandika upya kwa kichwa na kuichapisha steshenari, imebaki kupelekwa tu. Nikaona faili mbili, kazi moja, zimeandikwa na mtu yuleyule mara mbili. Udadisi ukanishika. Linux ina vijiamri vidogo vya maandishi, kila kimoja kinafanya kazi moja: kimoja kinavunja maandishi kuwa maneno, cha pili kinayapanga, cha tatu kinahesabu kila neno limekuja mara ngapi. Unaviunganisha kwa mstari mmoja, vinapokezana kazi kama watu wanaopitishiana ndoo za maji. Ni kitu ninachokipenda kuliko vyote humo, na nilikuwa natafuta sababu ya kujionyesha.

"Ngoja nikuonyeshe," nikasema. "Tuone kichwa chako kinakumbuka kiasi gani."

Akaruhusu, bado anafuta machozi ya furaha. Nikayatoa majibu ya akina mama kutoka ripoti zote mbili, nikapitisha amri, nikaondoa maneno madogo kama "na" na "ya", orodha mbili zikasimama bega kwa bega. "Mbali" lilikuwa juu kote kote. "Mvua" vilevile, "mume", "pikipiki". Nikasema una kichwa kizuri sana. Halafu nikaona neno moja ambalo kwenye orodha ya zamani lilikuwa la tatu kutoka juu, na kwenye mpya lilikuwa chini kabisa karibu na ukingo. Neno lenyewe lilikuwa "nesi".

Ningeacha. Lakini mkono ulikuwa umeshaandika amri nyingine, ile ya kutafuta, inayoleta kila mstari wenye neno unalotaka. Mistari ya ripoti ya zamani ikashuka kwenye skrini.

Mama wa nne: nesi ana kelele. Mama wa tisa: nilisikia nesi anamfokea mwenzangu nikarudi nyumbani. Mama wa kumi na mbili: nesi hapendi tukija usiku. Mama wa kumi na saba: nilimwambia nesi naogopa, akaniambia ulipokuwa unatafuta mimba hukuogopa. Huyu wa sasa nitamzaa mwenyewe.

Mama mwenye nyumba hakuweza kusoma skrini, lakini aliona nyuso zetu akaacha kuuliza. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, ya mtu aliyemfunulia mwenzake nguo mbele za watu kwa sababu tu alitaka kujua kuna nini chini yake. Nikaanza kusema kwamba kusahau ni kawaida, kwamba alikuwa ameumia, kwamba aliandika kwa haraka. Nesi aliinua mkono nikanyamaza.

"Sikuyaficha, mwalimu," akasema. "Wallahi sikuyaficha. Niliyachapa mwenyewe mara ya kwanza, na nilipoyachapa iliniuma siku mbili. Mara ya pili hayakuja. Nilikaa na daftari, nikakumbuka barabara, nikakumbuka mvua, haya hayakuja kabisa."

Akausoma tena mstari wa mama wa kumi na saba. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Hilo neno ni langu," akasema. "Nalisema. Kwetu kazini tunalisema wote."

Nilimwuliza nichape ipi. Nilimwambia ukweli kama nilivyouona: ile mpya imekamilika, chuo hakitajua, na ya zamani itasomwa na watu ambao ndio watampandisha daraja au kumwacha alipo. Sikumwambia achague ipi. Ningekuwa mimi, sijui ningechagua ipi, na nasema hivyo bila kujisifu wala kujilaumu.

Mama mwenye nyumba akamsogezea kiti karibu, akakaa naye bega kwa bega.

"Chapa ya zamani," nesi akasema. "Yote."

Printa ya shule ilikuwa mzee kama kompyuta zake, inatoa karatasi moja, inapumzika, inatoa nyingine. Alizipokea moja moja, akazipanga magotini. Ilipotoka ile yenye mama wa kumi na saba hakuipanga. Aliishika pembeni, akaigeuza kama mtu anayetafuta kitu nyuma ya karatasi.

"Jina sikuandika," akasema. "Niliwaahidi. Hata nikitaka kumjua, siwezi."

"Ndivyo utafiti unavyotakiwa," nikasema.

"Kliniki ni Jumatatu. Watakuja wengi, na mmoja wao ni yeye, na tumbo lake labda ni la mwezi huu." Akaiweka karatasi juu ya zile nyingine, akazigonga zikae sawa. "Kwa kuwa simjui, itabidi niwaombe msamaha wote."